Zumu ya 24-70mm: kwa 24 fokasi iko sawa, kwa 70 inaangukia nyuma. Narekebishaje?

chembe_f28

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoyajua marekebisho madogo ya otofokasi kwenye lenzi za zumu.

Bodi ni DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya fremu kamili, megapikseli 24, na lenzi ni 24-70mm f/2.8. Kwa 24mm sina malalamiko. Nikivuta hadi 70mm kwa f/2.8, mtu akiwa mita 2.5, nukta ya fokasi inakaa jichoni lakini kinachotoka kikali ni sikio. Nakadiria inaangukia sm 6 nyuma. Cha ajabu, nikipiga kwa Live View (kutazama kwenye skrini ya nyuma) bila kusogeza chochote, jicho linatoka kali kabisa.

Menyu inakubali kuanzia −20 hadi +20, ila thamani ni moja kwa lenzi nzima. Nikiweka namba ya kuponya 70mm, je, sitaiharibu 24mm? Na kipimo kinafanywaje ili nisije nikawa narekebisha mtikisiko wa mikono yangu?

fundi_mwanga

Hilo la Live View si la ajabu mkuu, ndilo linaloonyesha tatizo liko wapi.

DSLR ina njia mbili za mwanga. Ukitazama kwa kidirisha cha juu unachowekea jicho, sehemu ya mwanga hupenya katikati ya kioo kikubwa, hugonga kioo kidogo kilicho nyuma yake, kisha hushuka hadi kwenye moduli ya otofokasi iliyo sakafuni mwa bodi. Moduli hiyo haiioni sensa. Inachukulia tu kwamba njia yake ina urefu uleule wa njia ya kwenda kwenye sensa. Kioo kidogo kikikaa pembeni kwa sehemu ndogo ya milimita, kamera inalia "nimeshika fokasi" na picha inatoka imefifia. Live View inapima kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo njia ya pili haipo. Kwa kuwa huko jicho ni kali, vioo vya lenzi yako ni vizima. Usiipeleke kufunguliwa.

Kwa nini 24 na 70 zitofautiane? Moduli inatumia sehemu tu ya mwanga unaopita kwenye lenzi, wakati sensa inapokea wote. Kwenye lenzi yenye mwanya mkubwa, mwanga wa kingo na wa katikati haukutani mahali pamoja kabisa, na tofauti hiyo hubadilika kadiri unavyozungusha zumu. Chipu ya lenzi hubeba takwimu za kufidia hilo na kuipa bodi. Takwimu zisipolingana vizuri na lenzi uliyo nayo mkononi, upande mmoja wa zumu unakuwa sawa na mwingine unayumba.

Kipimo sasa. Rudisha kwanza marekebisho yote kwenye 0. Tripodi nzito, kizuia mtikisiko kizimwe, shata isipungue 1/250, ISO 100, mwanya uwe wazi kabisa f/2.8, nukta moja ya katikati, fokasi ya mara moja (AF-S au One Shot, kutegemea bodi). Tumia rimoti au kuchelewesha kwa sekunde 2.

Umbali: mara 50 ya urefu wa fokasi ni kanuni nzuri. Kwa 24mm simama mita 1.2, kwa 35mm mita 1.75, kwa 50mm mita 2.5, kwa 70mm mita 3.5. Faida yake ni kwamba shabaha inachukua ukubwa uleule kwenye fremu kila mara, na kina cha ukali (eneo la mbele na nyuma linalotoka kali) kinabaki kilekile. Kwa hesabu ya kawaida ya duara la ukungu (doa kwenye sensa ambalo jicho bado linaliona kama nukta kali) la 0.03mm, f/2.8 inakupa kama sm 42 katika nafasi zote nne. Usitishwe na ukubwa wa namba hiyo. Ukikuza picha hadi 100% unahukumu kwa pikseli, ambayo kwa bodi yako ina upana wa takriban 0.006mm, na hapo kina kinabaki sm 8 au 9 tu.

Kwa kila urefu wa fokasi, piga kwanza picha moja kwa Live View. Hiyo ndiyo hakimu. Kisha piga sita kwa kidirisha: tatu baada ya kuzungusha pete ya fokasi hadi mwisho wa mbali, tatu baada ya kuizungusha hadi mwisho wa karibu. Usiache kuivuruga fokasi kabla ya kila picha. Ukiiacha palepale, kamera inaona mambo yako karibu na sawa na haisogei, na unapata picha sita zenye kosa moja.

Zilinganishe zote na ile ya hakimu. Hapa ndipo wengi wanaporuka hatua: tazama kwanza jinsi zile sita zinavyotawanyika. Zikiwa zote nyuma kwa kiasi kilekile, marekebisho yatasaidia. Mbili zikiwa mbele, tatu nyuma na moja sawa, hakuna namba itakayokuponya. Huko tafuta chanzo kingine: mwanga hafifu, shabaha mbovu, au lenzi inayolegea.

Fokasi ikiangukia nyuma unaenda upande wa minasi, maana minasi inaivuta kuja kwa kamera. Kwa Canon na Nikon ni hivyo hivyo. Anza na −5, −10, −15, ona iko kati ya zipi, kisha sogea kwa hatua mbilimbili. Hatua moja peke yake huioni kwa macho, usipoteze jioni nzima kuitafuta.

nukta_ya_kati

Naongezea kwenye shabaha, kwa sababu hapo ndipo vipimo vingi vinapokufia.

Ile karatasi yenye mistari ya rula unayoilaza kwa nyuzi 45 na kufokasi katikati yake, itupe. Kimraba unachokiona kwenye kidirisha si ukubwa halisi wa sensa ya otofokasi. Sensa mara nyingi inazidi kimraba hicho. Kwenye karatasi iliyolala, inaweza kushika mstari mweusi ulio sm 2 mbele au nyuma ya ule uliodhani umeulenga, na haijakosea kitu. Unachotakiwa kulenga ni kitu bapa kilichosimama wima, sambamba na sensa, chenye mistari minene myeusi juu ya nyeupe, mlalo na wima. Rula iliyoinama ikae pembeni yake, sifuri ya rula ikiwa usawa mmoja na uso wa shabaha. Rula ni ya kusomea tu, si ya kufokasi.

Kuhakikisha usambamba, bandika kioo kidogo bapa juu ya shabaha na utazame kwa kidirisha. Ukiiona lenzi yako yenyewe katikati ya kioo, uko sawa.

Mwanga nao. Lenzi haizikunji rangi zote mahali pamoja, na moduli ya otofokasi haisomi rangi kama sensa inavyozisoma. Ukipima chini ya balbu ya manjano kisha ukaenda kupiga mchana nje, namba inaweza kuhama hatua kadhaa. Pima kwenye mwanga unaofanana na ule unaofanyia kazi. Kama huna hakika, mwanga wa mchana wa kivulini, mwingi, ndio salama zaidi. Taa za LED za bei ya chini zinazopepesa ziache.

lenzi_na_kivuli

Kuna njia ya haraka isiyohitaji kupiga picha nyingi, na kwa zumu inaokoa muda kweli. Fokasi kwa Live View ukiwa umekuza mara 10 hadi uridhike. Bila kugusa pete, weka lenzi kwenye fokasi ya mkono, zima Live View, tazama kwa kidirisha na ubonyeze shata nusu. Kitone cha kuthibitisha fokasi kinawaka au hakiwaki. Badilisha thamani kwenye menyu, bonyeza nusu tena. Endelea hadi ujue kitone kinaanza kuwaka imara kwenye namba gani na kinaacha kwenye namba gani. Kikiwaka bila kupepesa kuanzia −14 hadi −4, jibu ni −9, katikati yake.

Isitumike peke yake lakini. Inakuambia kamera inaamini nini, haikuambii mota ya lenzi itafika hapo. Malizia na zile picha sita za mkuu hapo juu.

Wenye Nikon D500, D850, D5 na D7500 wana ya kujiendesha: Live View, AF-S, nukta ya katikati, halafu shikilia kitufe cha hali ya fokasi pamoja na kile cha kurekodi video kwa zaidi ya sekunde mbili. Irudie mara tano na uchukue wastani, maana haitoi namba ileile kila mara. Ila inapima kwa urefu wa fokasi uliouweka wakati huo tu, kwa hiyo tatizo la zumu linabaki palepale.

chembe_f28

Asanteni sana. Nimepima kwa mwanga wa mchana, shabaha wima, umbali mara 50. Picha hazikutawanyika sana, zote zilielekea upande mmoja. Matokeo:

24mm: +2
35mm: 0
50mm: −5
70mm: −9

Bodi inataka namba moja. Niweke ipi?

safari_ya_iso

Weka −9 au −8 ulale. Upande wa pembe pana una kina kikubwa cha ukali, utasamehe. Kwa mita 2.5 na f/2.8, 24mm inashika kuanzia kama mita 1.8 hadi 3.9, wakati 70mm inashika sm 21 tu. Hatua chache za kosa kwa 24 hutaziona.

fundi_mwanga

Namba zako za kina ni sahihi, lakini hitimisho halifuati, na kosa hili limeenea kila mahali.

Marekebisho haya hayasogezi fokasi kwa sentimita mbele ya kamera. Yanaisogeza upande wa sensa, na ukungu wa picha unatokana na kosa la upande huo ukigawanya kwa namba ya f. Urefu wa fokasi haumo kwenye hesabu hiyo. Chukua kosa la 0.05mm kwenye sensa, takriban unene wa unywele mwembamba. Kwa f/2.8 duara la ukungu ni 0.05 ÷ 2.8, yaani kama 0.018mm. Kwa pikseli za 0.006mm hizo ni pikseli tatu. Tatu kwa 70mm, tatu vilevile kwa 24mm.

Kinachobadilika ni jinsi kosa hilo linavyoonekana mbele ya kamera. Mtu akiwa mita 2.5, 0.05mm kwa 70mm ni sm 6, ndizo sm 6 alizoziona mwenye mada. Kwa 24mm, 0.05mm ileile ni zaidi ya nusu mita. Kina cha ukali ni kirefu zaidi, ndiyo, lakini na kosa limerefuka kwa kiwango hichohicho. Hakuna kusamehewa.

Kinachosamehe kweli ni mwanya. Ukipiga 24mm kwa f/8, 0.05mm inakuwa duara la 0.006mm, pikseli moja, na huioni. Kwa hiyo swali la kujiuliza si upande upi ni mpana, ni upande upi unaupiga ukiwa wazi. Kama 24mm kwako ni majengo na vikundi vya watu kwa f/5.6 na f/8, na 70mm ni nyuso kwa f/2.8, basi −8 ni sahihi, ingawa si kwa sababu iliyotajwa. Kama unapiga sherehe za ndani kwa 24-35mm ukiwa f/2.8 muda wote, −8 itakuumiza: 24mm itakuwa imekosea hatua 10. Huko ningeweka −4, nikubali kwamba 70mm imebaki na hatua 5 za kosa, na kwa nyuso nifunge hadi f/4.

Usichukue wastani wa namba zote nne kwa mazoea. Wastani wako ni −3, na −3 haikupi urefu wowote ulio kamili zaidi ya kukaribia 50mm.

Kwa anayesoma na ana bodi nyingine, angalia menyu kabla ya kuumiza kichwa. Canon kuanzia 1D X na 5D Mark III zina thamani mbili, W (mwisho mpana wa zumu) na T (mwisho mrefu), na bodi inajaza yenyewe urefu wa katikati. Nikon D780 nayo inatenganisha. Kwenye bodi za hivyo, hii lenzi ingepokea W +2, T −9 na mada ingeisha. Hata hapo rudi upime 35 na 50, kwa kuwa ujazaji wa katikati unadhania mabadiliko ni ya mstari ulionyooka na lenzi haijaahidi hivyo. Za ngazi ya chini, kama Nikon D3500 na D5600, hazina menyu hii kabisa.

safari_ya_iso

Nimeelewa, hesabu ya upande wa sensa sikuwa nimeiweka. Nafuta kauli.

kishimo_cha_data

Kuna njia ya tatu kama lenzi yako ni miongoni mwa zinazokubali: kuandika marekebisho ndani ya lenzi yenyewe badala ya bodi. Sigma wana USB Dock kwa lenzi zao za Art, Contemporary na Sports, Tamron wana TAP-in Console kwa baadhi ya za kwao. Kwenye Sigma, zumu inapokea urefu wa fokasi minne kwa umbali minne, jumla visanduku 16, kila kimoja −20 hadi +20. Kifaa kinauzwa kwa kufuata maunti (kiungio cha lenzi na bodi). Cha Nikon hakiingii lenzi ya Canon.

Kabla ya kuanza, thamani ya bodi irudishwe 0. Usipofanya hivyo, namba mbili zitajumlishana na utatafuta mchawi.

Ni kazi ya kuchosha, nisikudanganye. Kila badiliko ni kutoa lenzi kwenye bodi, kuiweka kwenye doki, kuandika, kuirudisha, kupiga. Ili upunguze safari, pima urefu wote minne kwa umbali mmoja kabla ya kuandika chochote, andika zote nne kwa pamoja, kisha nenda umbali unaofuata. Anza na umbali unaoutumia zaidi. Safu ya mbali kabisa iache mwisho na uipime asubuhi: jua likipanda, hewa ya moto juu ya ardhi inapepesa na kitu cha mbali hakitulii, hapo utajikuta unarekebisha hewa.

Tatizo moja wasilolisema sana. Namba zikiwa ndani ya lenzi, lenzi inazibeba kwenda kila bodi. Kama kosa lilikuwa la kioo kidogo cha bodi yako, umeipa lenzi nzima ugonjwa wa bodi. Ifunge kwenye bodi ya rafiki yako na fokasi itaangukia mbele. Kwa hiyo pima kwanza lenzi nyingine mbili au tatu kwenye bodi hiyo. Zote zikitaka kama −6, mwenye kosa ni bodi, na dawa yake ni ile thamani ya jumla ya bodi au kituo cha huduma. Ndani ya baadhi ya bodi kuna skrubu ndogo inayosogeza kioo kidogo, na video za kuonyesha zipo. Msiiguse. Ukiizungusha, lenzi zako zote zinahama kwa mpigo mmoja na huna alama ya kurudia ulikotoka.

nukta_ya_kati

Vitu vitatu ambavyo marekebisho haya hayatibu, watu wasije wakahangaika. Upande mmoja wa picha ukiwa mkali na mwingine umefifia kwenye shabaha bapa, hata kwa Live View: hiyo ni kioo cha ndani ya lenzi kilichohama. Nukta za kushoto zikipiga sawa na za kulia zikikosea: moduli imeinama, na namba moja haiwezi kuziponya zote. Na ukihitaji zaidi ya 15 au 16 upande wowote, hata kama inafanya kazi, peleka bodi na lenzi vyote viwili vikapimwe pamoja. Ukipeleka lenzi peke yake wataifunga kwenye bodi yao na kukuambia ni nzima.

Jingine kwa wenye zumu: zumu nyingi za picha hazishiki fokasi ukizungusha. Ukifokasi kwa 70 halafu ukarudi 24 ili kupanga fremu, fokasi imehama kwa asili ya lenzi. Watu wanapima hivyo na kulaumu otofokasi. Zungusha zumu kwanza, fokasi baadaye.

chembe_f28

Nimepima lenzi mbili nyingine, moja inataka +1 na nyingine −1, kwa hiyo bodi nadhani haina neno. Kazi yangu kubwa ni nyuso kwa 70, pembe pana ni ya majengo tu. Nimeweka −8. Kwa 70mm f/2.8 picha tano kati ya sita jicho ni kali, ya sita iko nyuma kidogo.

Maswali mawili ya mwisho. Nikihamia kamera isiyo na kioo kwa adapta, namba hii inakwenda nayo? Na nikifunga kiongeza urefu cha 1.4x kwenye zumu ya 70-200, natumia namba ya lenzi ileile?

fundi_mwanga

Haiendi, na huihitaji. Kamera isiyo na kioo inafokasi kwenye sensa inayopiga picha, kosa la njia mbili halipo. Ila marekebisho yaliyoandikwa ndani ya lenzi kwa doki yanaweza kusafiri na lenzi, kwa hiyo mwenye visanduku 16 avirudishe 0 kabla ya kuhamia huko, apime, ndipo aamue.

Kiongeza urefu kinapimwa upya. 70-200mm f/2.8 ikiwa na 1.4x ni 98-280mm f/4, na kosa la lenzi linakuzwa pamoja na picha. Bodi nyingi huitambua lenzi na kiongeza kama mseto tofauti na kuuhifadhia namba yake. Hakikisha jina la mseto limejitokeza kwenye menyu kabla ya kuhifadhi, vinginevyo utaifuta ile ya lenzi tupu. Kwa 280mm kanuni ya mara 50 ni mita 14, kwa hiyo tafuta nafasi nje, na shata ipande hadi 1/1000 hata ukiwa kwenye tripodi.